Saa za zawadi: jinsi ya kuzipokea, kuzitunza na kukumbuka nani alikupa gani

Niko na saa 11 za mkono na sijawahi nunua hata moja. Zote nimepewa. Ya kwanza ilitoka kwa senge, yaani dada ya baba, nilipomaliza darasa la nane, ya mwisho nimepewa juzi tu na kijana niliyemshika mkono akiwa mpya kazini hapa Kisumu. Watu wakiziona wanasema niko na bahati na ni kweli, lakini kuna mambo nimejifunza kuhusu kupewa saa na mengi nimeyajua baada ya kukosea, so wacha niyaandike hapa kwa mtu ambaye amepewa saa wiki hii ama anangojea kupewa Disemba.

Nianze na kosa lenyewe. Siku ya sherehe yangu ya kumaliza chuo, nyumbani Vihiga, nilipewa saa tatu kwa siku moja. Emsii anaita familia moja moja, watu wanakuja wakicheza wanaweka zawadi kwa meza, jioni binamu zangu wakaingia nazo ndani wakafungua zote mara moja, karatasi na kadi zikaenda kuwasha moto wa jikoni. Asubuhi nikaamka na saa tatu nzuri na sijui hata moja imetoka kwa nani. Miezi kama miwili baadaye nikakutana na mjomba wangu pale steji ya Luanda, akashika mkono wangu kunisalimia, akaangalia saa niliyovaa akaniuliza, "Na ile yangu huvai?" Nikamwambia iko kwa nyumba. Sikujua ni gani. Yule mzee alikuwa ameuza mahindi ndio aninunulie ile saa na akafariki kabla sijajua ni ipi kati ya zile tatu. Hicho kitu kiliniuma na bado kinaniuma, kwa hivyo ukisoma hapa chini uone nimerudia rudia mambo ya kuandika majina, ujue imetoka wapi.

Siku yenyewe ya kupewa

Pokea na mikono miwili, ama mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, hiyo najua hufundishwi na mimi. Kenye watu husahau ni kinachofuata. Kwanza usiigeuze kutafuta jina la kampuni mbele ya aliyekupa. Hata kama umezoea saa na mkono unawasha kuigeuza uone nyuma imeandikwa nini, ngoja. Mtu akikuona umegeuza saa kabla hujamshukuru anajua unapima bei, na pengine ni saa ya mia nane aliyoiwekea pesa wiki tatu.

Pili, uliza kama unaweza kuifungua. Kwetu nyumbani zawadi haifunguliwi wageni wakiwa wamekaa, inaingizwa ndani, lakini kuna watu hapa Kisumu na marafiki zangu wa Nakuru ambao ukikosa kufungua wanafikiria haujaifurahia. Kuuliza ni sentensi moja tu: "Naweza fungua sasa?" Akikubali na kama ni mtu mzima aliyekuzidi umri, mpe mkono wako akuvalishe yeye. Senge yangu alinivalisha ile Casio mwenyewe, mkanda ukaingia tundu la mwisho kabisa na bado ikawa inazunguka kwa mkono wangu mwembamba, na hiyo ndio picha niko nayo ya ile siku yote, chakula sikumbuki.

Tatu, piga picha nyinyi wawili saa ikionekana. Simu zetu zinaweka tarehe zenyewe, kwa hivyo hiyo picha ni kama risiti.

Halafu usiku huo huo, kabla hujalala, andika. Mimi niko na daftari ya kawaida ya kurasa 96. Kila saa iko na ukurasa wake: nani alinipa, siku gani, mahali gani, kwa sababu gani, na maneno aliyosema akinipa. Hayo maneno ndio muhimu kushinda yote na ndio husahaulika haraka. Bosi wangu wa zamani Nakuru, siku naletwa huku Kisumu, alinipa Citizen akasema, "Hii haitaki betri, inataka uitoe nje tu uone jua." Nimeandika vile vile alivyosema. Kama zawadi ni nyingi kwa siku moja, shika mtu mmoja unayemwamini, mdogo wako ama rafiki, kazi yake iwe ni kukaa na kalamu karibu na meza na kuandika jina nyuma ya kila kifurushi kabla hakijafunguliwa. Ni kazi ya nusu saa tu, ifanywe.

Jua umepewa saa ya aina gani

Ukishatulia sasa unaweza kuigeuza. Kuna njia rahisi ya kujua inatembea na nini. Angalia ule mshale mwembamba wa sekunde. Ukiruka tik, tik, tik, mara moja kwa kila sekunde, hiyo ni ya betri, ndani kuna kipande kidogo cha jiwe la kwazi (quartz) kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde na ndio kinahesabu. Saa za hivyo zilianza na Seiko Astron tarehe 25 Disemba 1969 na zilipoanza ilikuwa kitu cha matajiri, sai ndio zimejaa kila duka. Mshale ukiteleza bila kuruka, hiyo ni ya springi, na hapo kuna mbili: ile ya kutia ufunguo kila siku, na ile ya kujijaza yenyewe ukitembeza mkono. Ukiitingisha polepole karibu na sikio utasikia kama kuna kitu kizito kinazunguka ndani, basi ni ya kujijaza. Halafu kuna zile za jua kama Citizen yangu, zinaruka kama za betri lakini zinajichaji kwa mwanga kupitia uso wa saa, na zikianza kuishiwa nyingi huruka sekunde mbili mbili. Ukiona hivyo usikimbie kwa fundi, iweke dirishani ikae mchana kutwa. Dirishani nimesema, sio juu ya mabati na sio kwa dashibodi ya gari, joto hilo litaiua.

Kwa ile ya kujijaza kuna kosa moja watu wengi wanafanya. Usibadilishe tarehe kwa kile kifundo cha pembeni kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku kulingana na saa yenyewe. Wakati huo meno ya tarehe yameshaanza kushikana ndani ili yageuze siku, ukilazimisha unaweza kuvunja. Zungusha mishale kwanza hadi ikae kama saa kumi na mbili, mshale mfupi ukiwa kwa namba 6, halafu ndio uweke tarehe, halafu ndio uweke saa ya kweli.

Saa ya guga, yaani babu yangu, ndio ilinifundisha hii. Guga alikuwa mtu wa reli, reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901 na yeye aliingia miaka mingi sana baadaye, lakini alikuwa anaongea kuihusu kama mtu aliyekuwepo. Alikuwa na Seiko 5. Hiyo ndio saa alinifundishia kusoma wakati: angalia mshale mfupi uko wapi, halafu soma namba ya ng'ambo yake, ukiwa kwa saba basi ng'ambo ni moja, hiyo ni saa moja asubuhi, twende shule. Alipofariki, baba na baba wadogo walikaa ile siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi wakagawa vitu na saa ikaja kwangu.

Kama umepewa Seiko ya zamani hivi unaweza kujua umri wake, na hii nilifurahia sana nilipoijua. Igeuze. Nyuma kuna namba ya herufi sita ama saba. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka iliyotengenezwa, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, halafu O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Disemba. Ya guga inaanza na 8N. Kwa hivyo ni Novemba ya mwaka unaoisha na nane. Ni 1978, 1988 ama 1998? Hapo sasa ndio unatafuta ushahidi mwingine. Mashine yake imeandikwa 7009, aina hiyo ilikuwa hasa ya miaka ya sabini na themanini, so 1998 inatoka. Baba akakumbuka guga alistaafu 1989 na siku hiyo akaja nyumbani na saa mpya. Basi ni 1988. Niliandika kwa daftari na nikampigia baba simu, tukaongea kuhusu guga karibu saa nzima, kitu ambacho hatukuwa tumefanya tangu mazishi.

Kama ni feki

Itatokea. Nusu ya saa zenye watu wetu hununua kwa meza za barabarani ziko na jina la kampuni ambayo haikuzitengeneza, na mtu aliyekununulia hajui, yeye ameona saa nzuri akakukumbuka. Usimwambie. Usimwambie yeye, usimwambie mke wake, usiweke kwa grupu ya familia. Ivae. Saa ni zawadi hata kama jina lililoandikwa juu ni la uongo, mtu aliyekupa sio wa uongo.

Lakini wewe mwenyewe ni vizuri ujue, kwa sababu itabadilisha venye utaitunza, hasa mambo ya maji. Herufi zilizopinda, jina limekosewa spelingi, vile vimishale vidogo vya ndani ambavyo havitembei maana vimechorwa tu, uzito wa plastiki kwa kitu kinachojifanya chuma. Kwa ile Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi ambayo imekuwepo tangu 1989 na kila mtu darasani aliitaka, bonyeza kitufe cha kulia ushikilie kama sekunde tatu, uso utaandika neno CASIO. Isipoandika, tia shaka. Ikiandika pia usiapie, maana kuna feki ambazo zimeiga hadi hiyo. Ya senge yangu iliandika, na betri yake ya kwanza ilikaa miaka minane.

Maji na jasho

Hapa nitakaa kidogo maana huku kwetu ndio saa nyingi hufia. Nyuma ya saa imeandikwa mita 30 mtu anafikiria anaweza kuzama nayo mita 30 ziwani pale Dunga. Hapana! Hiyo namba ni ya kipimo cha presha saa ikiwa imetulia, sio ya mtu anayerusha mikono ndani ya maji. Mita 30 maana yake ni mvua na kunawa mikono. Mita 50, unaweza kuogelea kidogo tu. Mita 100 ndio ya kuogelea kabisa bila wasiwasi, na kuzama chini ni zile za mita 200 zilizotengenezwa kwa hiyo kazi. Kama haijaandikwa chochote chukulia ni ya kukaa mbali na maji yote, hata ya kufua. Na hata ile ya mita 100 ikishafunguliwa betri kubadilishwa, ule mpira mwembamba wa ndani ukikaa vibaya, haina tofauti na ile haijaandikwa kitu. Usivute wala kubonyeza chochote mkono ukiwa na maji.

Ukiona ukungu ndani ya kioo, usingoje ukauke wenyewe. Utakauka kweli, kioo kitaonekana safi, lakini kutu imeshaanza kazi. Peleka siku hiyo hiyo ifunguliwe.

Jasho nalo. Nilipokuwa Nakuru, huko juu karibu mita 1,850, mkanda wa ngozi ulikuwa unakaa miaka na asubuhi ulikuwa unahisi hata joto lake. Nilipokuja Kisumu ule mkanda ulinuka ndani ya miezi mitatu na ukapasuka kwa matundu. Sasa ninachofanya, mkanda wa ngozi ambao saa imekuja nao naosha na kitambaa chenye maji kidogo, naukausha kivulini, nauweka kwa bahasha nikiandika jina la aliyenipa, halafu navaa wa nailoni. Ya nailoni natoa soko la Kibuye Jumapili. Pima tu nafasi ya pale mkanda unaingia kati ya yale masikio mawili ya saa, na rula ya mtoto wa shule inatosha, nyingi ni milimita 18, 20 ama 22. Mkanda wa asili usitupe kamwe, mtu akikupa saa alichagua na mkanda pia.

Vile vile mkanda wa chuma ukipunguzwa. Fundi akitoa vipande viwili ili ikutoshe, mwambie akupe hivyo vipande na pini zake, weka kwa boksi. Mkono unanenepa jameni. Na siku utampa mtoto wako, mkono wake hautakuwa kama wako.

Fundi na betri

Mafundi wa saa wazuri bado wapo, wengi wanakaa kwa baraza ya duka la mtu na kabati ndogo ya kioo mbele yao, na kile kikuza-macho wameweka kwa jicho. Tafuta mmoja, mwaminifu, umrudie huyo huyo miaka yote. Venye mimi nachagua ni kwanza kumpelekea saa isiyo na uzito sana kwangu, nione anafungua na nini. Akichukua kisu cha mboga naondoka. Niliwahi kuachia mtu mmoja saa ya guga nikaenda kula, kurudi napata mfuniko wa nyuma umekwaruzwa kutoka upande hadi upande, na ile N ya namba ya nyuma haisomeki vizuri tena. Kwa bahati nilikuwa nimeshaiandika na kupiga picha. Kwa hivyo, kabla saa haijaenda kwa fundi yeyote, piga picha mbele na nyuma, na kama unaweza kaa hapo hadi amalize.

Betri usiulize tu bei, uliza aina. Kwa saa nyingi za mishale hutumika ndogo inayoitwa 377, jina lingine SR626SW, lakini hakikisha kwa namba iliyo juu ya ile uliyokuta ndani. Hizo SR ni za fedha, zinashikilia nguvu sawa karibu hadi mwisho. Kuna za bei ya chini zinazoandikwa AG ama LR za saizi ile ile, zinaingia, saa inatembea, lakini zinaisha haraka na zikikaa zimekufa ndani zinavuja ule unga unaokula shaba. Ongeza hiyo hamsini ama mia mpe fundi atoe ya fedha mbele yako ikiwa bado kwa pakiti.

Na kama kuna saa ya betri huvai, usiiache na betri iliyokufa ndani. Toa betri. Nimefungua saa ya mama mmoja jirani aliyoiweka kwa kabati akiwa anaipenda mno hataki ichakae, na kilichoiharibu ni betri iliyovuja huko huko kwa kabati.

Kuhifadhi sio mambo mengi. Boksi kavu, vile vipakiti vya chembe nyeupe vinavyokuja kwa viatu vipya usivitupe, weka ndani vinakula unyevu. Mbali na spika na sumaku zingine, maana saa ya springi ikishikwa na sumaku inaanza kukimbia, unapata imeenda mbele dakika nyingi kwa siku. Ile ya kujijaza sio lazima itembee kila siku, ikilala siku mbili ikisimama haijaharibika, itingishe uiweke sawa uendelee.

Kuvaa kwa mpango

Mtu aliye na saa nyingi huishia kuvaa mbili. Mimi navaa kulingana na mtu nitakayemwona. Nikienda Nakuru navaa ya bosi wangu hata kama sina uhakika nitapita kwake, na nikipita huwa anauliza inapata jua? Krismasi nyumbani navaa ya senge hadi mchana halafu ya guga jioni. Mtu akiona saa aliyokupa iko kwa mkono wako miaka sita baadaye, hakuna asante ya simu inaifikia hiyo. Lakini simu pia piga, wiki moja baada ya kupewa, useme tu "saa yako inatembea."

Kuhusu kuchongwa majina: ukiweza kumwomba aliyekupa akuchagulie neno, chonga. Wale watu wanaoandika vikombe vya mashindano na vibao vya shaba wanaweza kuandika nyuma ya saa. Kuna watu watakuambia utaharibu bei. Mwigizaji Paul Newman wa Marekani alipewa Rolex na mke wake Joanne Woodward, nyuma amechongewa maneno ya kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu, kwa sababu alikuwa anashindana kwa magari. Baadaye akampa kijana aliyekuwa mpenzi wa binti yake, mwaka wa 1984. Oktoba 2017 ilipigwa mnada New York ikaenda zaidi ya dola milioni 17. Yale maneno ya mke yalisaidia watu kujua ni ile yenyewe. Sisemi yako itafika huko, nasema usiogope kuandika jina la mtu anayekupenda kwa chuma. Lakini saa ya mzee aliyefariki usichonge kabla hujauliza wenzako wa nyumba hiyo.

Za kuomba, za kukataa

Kuomba saa moja kwa moja ni vibaya na sijawahi. Lakini unaweza kusema ukweli kuhusu unachopenda. Mimi husema napenda saa zilizokufa. Kila nyumba ya wazee huku magharibi iko na saa imelala kwa droo na haijatembea tangu Moi aondoke, na mwenyewe anaona ni takataka. Ukimwambia mzee "hiyo usitupe, naomba niishughulikie," wengine hukuambia chukua. Ikianza kutembea, mrudishie kwanza. Ndio, mrudishie. Nimerudisha nne, mbili zilirudi kwangu kwa mdomo wa wenyewe, mbili zinatembea kwa mikono yao na hizo pia nimeziandika kwa daftari ukurasa wa nyuma.

Ya kukataa ni ile inayokuja na kitu nyuma yake. Mtu wa tenda anakupa saa ya bei ghali wiki ambayo karatasi zake ziko kwa meza yako, hiyo sio zawadi. Na kama wewe ni afisa wa serikali, Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 76 kinasema zawadi aliyopewa afisa wa serikali kwenye hafla rasmi ni ya Jamhuri. Kataa mapema, kwa heshima, ikiwa bado imefungwa.

Kama umeshapoteza kujua nani alikupa

Hii ndio nilianza nayo na wacha nimalizie hapo. Usikate tamaa haraka. Tafuta video ya sherehe, mtu wa kamera huwa anakaa nazo miaka. Angalia picha za watu wengine za siku hiyo. Boksi kama lipo, angalia kibandiko cha duka chini yake, ukijua ni duka la mji gani unajua ni mgeni wa upande gani. Halafu enda kwa watu na saa zenyewe mkononi.

Mwaka juzi nilibeba zile tatu nikaenda kwa mke wa mjomba. Nilikuwa naogopa kumwambia ukweli, lakini nilimwambia. Akazishika moja moja, akafika kwa ile yenye uso wa bluu akaanza kucheka, akasema mjomba alirudi dukani mara mbili kwa sababu ya hiyo rangi, kwanza alichukua nyeusi akasema hapana, kijana amemaliza chuo asivae kama mtu wa matanga. Niliandika hapo hapo kwa meza yake. Ya pili niliipata kwa video, ni ya jirani yetu. Ya tatu bado. Ni ndogo, ya rangi ya dhahabu, mkanda wa kahawia, na kwa daftari ukurasa wake uko na tarehe na mahali tu. Hiyo ndio navaa kwa kila harusi, kila mazishi na kila harambee nikienda nyumbani, nakunja mkono wa shati kidogo, na nikisalimia mtu mzima nampa muda auone mkono wangu vizuri.